KASKAZINI HAIKO JUU
Somo la jiografia: namna ya kusoma karte



Ukimuuliza mwanafunzi maana ya échelle, atakujibu mbio mbio kwa Kifaransa, sawasawa na vile imeandikwa mu kaye yake. Lakini ukimuwekea karte mbele na kumuuliza, « Toka Bukavu mpaka Uvira ni kilometre ngapi? », ananyamaza. Ukimuuliza tena maji ya Lualaba yanakwenda upande gani, anasema, « Yanashuka kusini, kwa sababu kusini iko chini. » Jibu hilo si kweli. Lualaba inakwenda kaskazini.

Kosa haliko kwa akili ya mwanafunzi. Kosa ni kwamba amejifunza maneno bila kutazama kitu chenyewe. Kwa hiyo mu somo hili tutachukua neno moja moja la darasani, tuliweke mu Kiswahili chetu, kiisha tuende nalo inje, ku milima na maji yetu ya Kivu.

1. VITU VITANO VYA KUTAZAMA KWANZA

Karte (vitabu vingine vinasema ramani) ni picha ya inchi iliyotazamwa toka juu, sawa vile ndege anaitazama, na kufanywa ndogo kusudi ienee mu karatasi. Mbele ya kutafuta kijiji chenu, tazama vitu hivi vitano:

a) Kichwa (titre). Kinakuambia karte ni ya wapi na ni ya nini: ya njia, ya mvua, ya majimbo, ya mawe.

b) Mwaka. Wengi hawautazami, lakini karte ni kama barua: lazima ujue iliandikwa siku gani. Karte yenye kuandika Léopoldville, Stanleyville na Élisabethville ni ya mbele ya mwaka 1966, wakati miji hiyo ilipewa majina ya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi. Karte yenye kuandika Zaïre ni ya kati ya 1971 na 1997. Ukikuta Kivu ni jimbo moja pamoja na Maniema, ujue ilichorwa mbele ya 1988. Na ukihesabu majimbo 26, hiyo ni karte ya 2015 ao ya nyuma yake. Karte ya zamani si ya kutupa. Milima na mito bado iko pale pale. Lakini usiiulize habari ya mipaka ya leo.

c) Ufunguo (légende). Ni kisanduku kidogo pembeni chenye kueleza alama na rangi. Kwa desturi buluu ni maji, nyekundu ni njia kubwa, nyeusi ni nyumba na njia ya treni. Lakini jihazari na rangi ya majani. Mu karte fulani inaonyesha pori. Mu karte nyingine, zaidi zile kubwa za kutundika ku ukuta, inaonyesha inchi ya chini tu, hata kama ni jangwa lisilo na muti hata moja. Ni ufunguo wenye kusema, si macho yako.

d) Kipimo (échelle).

e) Mushale wa kaskazini (nord). Kama hakuna mushale, kwa desturi kaskazini iko upande wa juu wa karatasi. Nimesema juu ya karatasi. Neno hili tutalirudilia.

2. KIPIMO: RULA NA UZI

Kipimo kinasema inchi imepunguzwa mara ngapi. Ukiona 1/1.000.000, maana yake ni kwamba sentimetre moja mu karte ni sentimetre milioni moja ku udongo. Sasa, kilometre moja ni sentimetre 100.000. Basi shika kanuni hii: ondoa zero tano, utapata kilometre.

1/50.000: sentimetre 1 ni nusu ya kilometre (metre 500)
1/200.000: sentimetre 1 ni kilometre 2
1/1.000.000: sentimetre 1 ni kilometre 10
1/5.000.000: sentimetre 1 ni kilometre 50

Hapa wengi wanaanguka: wanafikiri kipimo cha 1/1.000.000 ni kikubwa kuliko cha 1/50.000, kwa sababu milioni ni nyingi. Waza juu ya mukate. Ukigawanya mukate kwa watu wawili, kila mutu anakula kipande kikubwa. Ukiugawanya kwa watu kumi, kila mutu anapata kidogo. Vivyo hivyo 1/50.000 ni kipimo kikubwa: kinaonyesha nafasi ndogo, lakini na vitu vingi, hata shule, hata kijito. 1/1.000.000 ni kipimo kidogo: kinaonyesha inchi pana, lakini vijiji vingi vimeachwa.

Tujaribu sasa. Chukua karte ya 1/1.000.000 na rula. Toka Bukavu mpaka Uvira utapata karibu sentimetre 10, ni kusema kilometre 100. Toka Goma mpaka Bukavu utapata tena karibu sentimetre 10, kilometre 100. Je, safari hizi mbili ni sawa? Uliza dereva, atacheka. Njia ya Bukavu na Uvira kwa Ngomo inazidi kilometre 120, kwa sababu inazunguka ku muteremko mukali. Njia ya Goma na Bukavu ni karibu kilometre 200, mara mbili ya rula, kwa sababu inafuata Sake, Minova na Kalehe, ikizunguka kila ghuba ya ziwa na kila kilima. Ni mashua tu yenye kukaribia hesabu ya rula.

Rula inapima njia ya ndege. Njia ya mutu inapimwa na uzi: lowanisha uzi, uulalishe polepole juu ya njia mu karte, ukifuata kila kona, kiisha unyooshe uzi huo juu ya rula. Na hata hivyo ongeza kidogo, kwa maana karte yenye kipimo kidogo haina nafasi ya kuonyesha kona zote.

3. PANDE NNE NA KIVULI

Kaskazini (nord), kusini (sud), mashariki (est), magharibi (ouest): kila mutoto anazijua kwa mudomo. Simama ukitazama kule jua linatokea, mukono wako wa kushoto uko kaskazini, wa kuume uko kusini. Ni vizuri, lakini si kamili. Jua linatokea mashariki yenyewe karibu na tarehe 21 ya mwezi wa tatu na tarehe 23 ya mwezi wa kenda tu. Mwezi wa sita linatokea likielekea kaskazini, na mwezi wa kumi na mbili likielekea kusini.

Vitabu vilivyoandikwa kwa watoto wa Ulaya vinasema: saa sita ya muchana kivuli chako kinaonyesha kaskazini. Kwao ni kweli siku zote. Kwetu si hivyo, kwa sababu tuko karibu sana na ikweta (équateur). Hapa Bukavu, toka mwisho wa mwezi wa kenda mpaka katikati ya mwezi wa tatu, jua la saa sita liko upande wetu wa kusini, na kivuli kinalala kaskazini. Miezi mingine jua liko kaskazini na kivuli kinalala kusini. Mutu mwenye kufuata kitabu cha Ulaya mu mwezi wa sita atageuza karte yake kinyume kabisa.

Kuna njia yenye kufaa kila mwezi. Simamisha kijiti mahali pa sawa. Weka kijiwe ku ncha ya kivuli. Ngoja dakika 20, weka kijiwe cha pili ku ncha mupya. Chora mustari kati ya vijiwe: mustari huo unakwenda magharibi na mashariki, na kijiwe cha kwanza ndicho cha magharibi. Kiisha lalisha karte chini na uigeuze mpaka kaskazini yake ilingane na kaskazini ya udongo. Sasa kila kitu mu karte kinatazama kule kiko kweli. Kazi hiyo inaitwa kuelekeza karte (orienter la carte).

4. DIGRII

Kusudi watu wote wapate mahali pamoja bila kuuliza njia, dunia imefungwa na mistari kama kikapu. Mistari ya latitude inahesabiwa toka ikweta kwenda kaskazini ao kusini. Mistari ya longitude inahesabiwa toka Greenwich, Uingereza, kwenda mashariki ao magharibi. Bukavu iko karibu digrii 2 na nusu za kusini na digrii 29 za mashariki. Kisangani iko nusu ya digrii kaskazini ya ikweta. Lubumbashi iko karibu digrii 11 na nusu za kusini.

Digrii moja ya latitude ni karibu kilometre 111. Toka Bukavu mpaka Lubumbashi ni karibu digrii 9 za latitude, basi zaidi kidogo ya kilometre 1000 kwa njia ya ndege. Umepata hesabu hiyo bila rula.

Longitude nayo inatupa saa. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, basi digrii 15 kwa saa moja. Kinshasa iko digrii 15 za mashariki: saa moja mbele ya Greenwich. Sisi tuko karibu na digrii 30: saa mbili. Ndiyo maana redio ya Kinshasa ikisema ni saa mbili, kwetu ni saa tatu.

5. KIMO NA KIRAYI

Karatasi ni bapa, inchi yetu si bapa. Namna gani kuonyesha mulima? Kimo (altitude) kinahesabiwa toka bahari, ambayo ni zero. Kiisha pahali pote penye kimo kimoja panaunganishwa na mustari mumoja. Ni mustari wa kimo (courbe de niveau).

Fanyeni hivi nyumbani. Chukua kiazi cha kizungu, kile tunaita kirayi, ukate nusu, uisimamishe juu ya meza. Huo ni mulima wako. Choma musumari toka juu mpaka chini. Toa musumari, kata kirayi mu vipande vilivyolala, vyenye unene mumoja. Weka kipande cha chini juu ya karatasi, ukizungushe na kalamu, utie alama mahali pa musumari. Kiisha kipande cha pili, tundu juu ya alama ile ile, kizungushe. Endelea mpaka kile kidogo cha juu. Tazama karatasi: umechora mistari ya kimo. Pahali mulima ulikuwa mukali, mistari inakaribiana. Pahali ulikuwa mupole, mistari inaachana. Na unene wa vipande vyako ndio tunaita équidistance.

Mu bonde lenye muto mistari inafanya kama herufi V, na ncha ya V inaonyesha kule maji yanatoka.

Kimo kinaweza hata kuwa chini ya zero. Mu Luka 10 Bwana Yesu anasimulia juu ya mutu aliyekuwa akishuka Yeriko toka Yerusalema. Tazama karte zilizo nyuma ya Biblia: Yeriko iko kaskazini-mashariki ya Yerusalema. Mutu mwenye kufikiri kaskazini iko juu angesema yule mutu alipanda. Lakini Yerusalema iko karibu metre 750 juu ya bahari, na Yeriko iko karibu metre 250 chini ya bahari. Alishuka metre 1000. Neno la Luka ni sawasawa.

6. MAJI YANAKWENDA WAPI?

Sasa turudilie lile neno « juu ». Juu ya karatasi ni kaskazini. Juu ya inchi ni kimo. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na maji hayajui karatasi. Maji yanajua kimo tu.

Ziwa Kivu liko metre 1460. Ziwa Tanganyika liko karibu metre 770. Basi Ruzizi inatoka Bukavu na kwenda kusini, ikishuka karibu metre 690. Sehemu kubwa ya kushuka huko iko mu korongo la juu, mbele ya tambarare ya Kamanyola. Pale mistari ya kimo inabanana, na pale pale ndipo walijenga mitambo ya umeme: Ruzizi ya Kwanza mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi ya Pili mu 1989. Toka Kamanyola mpaka Uvira mistari inaachana: ni tambarare, maji yanatembea polepole, watu wanalima muchele. Mutu mwenye kusoma mistari anaona umeme na muchele mu karatasi hata kama hajafika.

Lakini fuata maji hayo mbele. Toka Tanganyika yanatokea Kalemie kwa muto Lukuga na kwenda magharibi mpaka Lualaba. Lualaba inakwenda kaskazini, inapita Kindu, inavuka ikweta na kufika Kisangani. Kutoka pale inaitwa Kongo, inapinda magharibi, inarudi kusini, inavuka ikweta mara ya pili karibu na Mbandaka, inapita Kinshasa na kumwagika mu bahari Atlantiki kule Banana. Basi maji unayochota Bukavu yanakwenda kusini, magharibi, kaskazini, magharibi tena, na kusini tena. Upande umegeuka mara nyingi. Kimo hakikugeuka hata mara moja: kilishuka tu.

Watu wakubwa walipotea mu jambo hili. Mu 1858 wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Uvira wakitafuta chanzo cha Nili. Waliuliza juu ya Ruzizi, na wenyeji wakawaambia wazi kwamba muto unaingia mu ziwa, hautoki. Hawakufika kuuona na macho, na Ulaya waliendelea kubishana. Ni mwezi wa kumi na moja 1871 tu Livingstone na Stanley walifika kwa mashua, wakaona ya kwamba wenyeji walisema kweli.

Mwaka ule ule wa 1871 Livingstone alikuwa amefika Nyangwe, mu Maniema, ku Lualaba. Aliona muto mukubwa wenye kwenda kaskazini. Nili iko kaskazini. Akatumaini kwamba huo ni Nili. Mu 1874 Cameron alifika Nyangwe na vyombo vyake, akapima kimo, akaona ya kwamba Lualaba iko chini sana: haiwezi kupanda mpaka Nili. Toka mwisho wa 1876 Stanley alifuata muto wenyewe, na mwezi wa munane 1877 akatokea Boma, karibu na Atlantiki. Upande ulidanganya, kimo kilisema kweli.

MANENO YA KUKUMBUKA

Chanzo (source): pahali muto unaanzia.
Mulango wa muto (embouchure): pahali unamwagika. Mulango wa Ruzizi ni Ziwa Tanganyika.
Muto wenye kuingia (affluent): Lukuga ni affluent wa Lualaba.
Ukingo wa kuume, wa kushoto (rive droite, rive gauche): simama ukitazama kule maji yanakwenda, kiisha sema. Ku Ruzizi, Kongo iko ku ukingo wa kuume, Rwanda na Burundi ku ukingo wa kushoto.
Maporomoko (chutes): pahali maji yanaanguka.
Ghuba (baie): maji yanaingia mu inchi.
Rasi (presqu'île): inchi inaingia mu maji. Sehemu ya Bukavu imejengwa juu ya rasi.
Kisiwa (île): Idjwi.
Muteremko (pente), bonde (vallée), tambarare (plaine), mupaka (frontière).

MAZOEZI (usitazame majibu kwanza)

1. Mu karte ya 1/200.000, kanisa mbili zinaachana sentimetre 4. Ni kilometre ngapi?
2. Mu karte ya 1/50.000, toka shule mpaka soko ni sentimetre 6. Ni kilometre ngapi?
3. Kijito kinavuka mistari ya kimo. Kusini imeandikwa 1500, katikati 1450, kaskazini 1400. Maji yanakwenda upande gani?
4. Uko Bukavu, saa sita ya muchana, mwezi wa kumi na mbili. Kivuli chako kinalala wapi?
5. Lualaba inakwenda kaskazini. Mu Kindu, ukingo wa kuume uko mashariki ao magharibi?

Majibu: 1) Kilometre 8. 2) Kilometre 3. 3) Kaskazini. 4) Kaskazini. 5) Mashariki.

NENO LA MWISHO

Mu Yoshua sura ya 18, kabila saba zilikuwa hazijapata urizi wao. Yoshua hakugawanya inchi kwa kukisia. Alichagua watu watatu kwa kila kabila, akawatuma watembee mu inchi yote na kuiandika mu kitabu, muji kwa muji, sehemu saba. Waliporudi Shilo, ndipo kura ilipigwa. Walitembea kwanza, wakaandika nyuma, kiisha wakagawanya. Kwetu pia mashamba yanagombaniwa na mipaka inabishaniwa, na mara nyingi mwenye kushinda ni yule anajua kusoma karatasi, hata kama hajakanyaga udongo. Basi ndugu, tujue vyote viwili. Juma hili panda kilima kimoja na karte mu mukono, uielekeze, na utaje kila kitu unaona: kwa Kifaransa juu ya mutihani, na kwa Kiswahili juu ya baba na mama zetu watakaokuuliza karatasi ile inasema nini.